Kwa Nini Pikapu Hukata Pumzi Mlimani?

Mtu atokaye Morogoro kwenda Mgeta hufuata kwanza barabara kuu ya Iringa mpaka njia panda ya Sangasanga, karibu na Mzumbe, ndipo aiachapo barabara hiyo na kushika njia ya Mlali. Mpaka Mlali dereva hana habari. Baada ya hapo mlima huanza. Mji wa Morogoro uko yapata meta 500 juu ya usawa wa bahari. Nyandira, penye gulio kubwa la mboga, ni zaidi ya meta 1,500. Katika safari isiyofika kilometa 60 gari hupandishwa kimo cha kilometa nzima na ziada. Kwa njia hiyo hushuka kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo viliwavyo Morogoro na Dar es Salaam, na kwa njia hiyohiyo hupanda saruji, mbolea, chumvi na kreti za soda.

Msomaji aangalie jambo moja. Mzigo wa mboga hushuka, nao huzisumbua breki kuliko injini. Injini hujaribiwa wakati wa kupanda. Basi gari lenye ugonjwa wa injini huumwa likienda kuzifuata mboga, wala si likizileta. Na mkulima aliyeng'oa karoti zake tangu alfajiri huketi kando ya njia, karoti zikinyauka, akilisubiri gari lililokwama huko chini asikokuona.

Makala haya yanahusu ugonjwa mmoja wa namna hiyo, ambao kila dereva wa milimani anaujua. Gari huenda vizuri kwenye tambarare, na likisimama injini huzunguka kwa utulivu. Lakini dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, gari hushtuka, huvuta na kuachia, hurukaruka kama punda asiyetaka mzigo. Katika gereji husemwa kwamba gari "linamisi", na neno hilo likiisha kutamkwa, mara nyingi huanza safari ya kununua vipuri.

Safari ya Nyandira

Katikati ya mwaka 2011 mwandishi wa makala haya, ambaye ni mwalimu, alipanda pikapu moja kutoka Morogoro. Ilikuwa Toyota Hilux ya zamani, ya injini ya petroli yenye silinda nne na kabureta. Ilibeba mifuko kumi ya saruji na soda kidogo, na tangi lake lilikuwa limejazwa pomoni asubuhi ileile. Mpaka Mlali hapakuwa na neno. Tulipoanza kupanda, dereva alirudi gia ya pili akakanyaga mafuta mpaka chini. Gari likaitika, kisha likasita. Likaruka mbele, likasita tena. Katika kona iliyofuata injini ikazima.

Injini kuzima mlimani si jambo la mzaha. Katika magari mengi breki husaidiwa na mvuto wa hewa utokanao na injini yenyewe. Injini ikizima, msaada huo hutosha kukanyaga mara mbili au tatu tu, kisha kanyagio huwa gumu kama jiwe. Gari lilianza kurudi nyuma. Utingo, kijana mwembamba wa miaka kama kumi na minane, alikuwa amekwisha ruka chini na gogo lake mkononi, akalisukumiza nyuma ya tairi. Gari likatulia, nasi tukapata kupumua.

"Umeona, mwalimu?" alisema dereva. "Mafuta haya yamechakachuliwa. Nikiweka lita kumi halinisumbui. Nikijaza tangi tu, mlimani linanitesa."

Alikuwa amekwisha badilisha plagi zote nne, akanunua na koili mpya, na sasa alikuwa ameulizia bei ya kabureta.

Shutuma yake haikuwa ya ajabu kwa wakati ule. Kuchanganya mafuta ya taa katika petroli na dizeli kulikuwa kumeenea, hata neno uchakachuaji likawa midomoni mwa kila mtu. Mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti, EWURA, ilianza kutia katika mafuta alama za siri ziitwazo vinasaba (neno walilowaazima wanabiolojia), na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchanganyiko huo. Dereva alikuwa na ushahidi pia: kila alipojaza tangi, gari lilisumbua. Lakini mambo mawili kufuatana hakuthibitishi kwamba la kwanza limezaa la pili kwa njia ile tuidhaniayo.

Petroli iliyotiwa mafuta ya taa haigeuki kuwa mvuke upesi, nayo hulipuka kabla ya wakati wake injini inapolemewa, ndipo usikiapo mgongano kama wa misumari ndani ya kopo. Ukidondosha tone juu ya karatasi safi, petroli halisi huruka na kutoweka. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Gari letu halikugonga. Zaidi ya hayo, dereva mwenyewe alishuhudia kwamba akipumzika robo saa gari huondoka kana kwamba halikuwa na neno. Mafuta mabaya hayaponi kwa kupumzishwa.

Injini huhitaji nini mlimani?

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifuata. Tuchukue kwamba pikapu na mzigo wake zina kilogramu 2,000, na kwamba njia inapanda meta 10 kwa kila meta 100. Nguvu ya kuuvuta uzito huo juu ya mwinuko ni yapata nyutoni 2,000. Gari likipanda kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa, yaani meta 8.3 kwa sekunde, injini hutakiwa kutoa yapata wati 16,600 kwa kupanda tu. Tukiongeza ukinzani wa udongo na wa mitambo, tuseme kilowati 20.

Lita moja ya petroli ina nishati ya yapata megajouli 32, na injini ya namna hii hugeuza robo yake tu kuwa kazi: megajouli 8. Kwa kilowati 20, lita moja itadumu sekunde 400. Kwa hiyo injini hunywa yapata mililita 150 kila dakika, yaani nusu ya chupa ya soda. Injini hiyohiyo ikizunguka polepole gari limesimama, hutumia kama lita moja kwa saa, nayo ni mililita 17 tu kwa dakika. Tofauti ni mara tisa.

Sasa fikiri kwamba mahali fulani kati ya tangi na kabureta pana kizuizi kinachopitisha mililita 100 kwa dakika na si zaidi. Gari likisimama, hutaona kasoro. Kwenye tambarare, hutaona kasoro. Mlimani, kibakuli cha kabureta kitapungua kidogo kidogo, injini itapata hewa nyingi na petroli haba, nguvu itakatika; mara injini ikinywa kidogo kibakuli kitajaa tena, nguvu itarudi, kisha itakatika. Huko ndiko kurukaruka. Ndiyo maana fundi anayelipima gari likiwa limesimama gerejini, boneti wazi, akivuta waya wa mafuta kwa kidole na kusikiliza mngurumo, aweza kuapa kwamba gari ni zima. Injini isiyo na mzigo haidai chochote.

Mlima wenyewe nao una sehemu yake, lakini ni ndogo. Hewa ya Nyandira ni nyepesi kuliko ya Morogoro kwa karibu sehemu moja ya kumi, na injini hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Hilo hulifanya gari kuwa zito, halilifanyi kuruka.

Moto au mafuta?

Injini ya petroli hutaka vitu vitatu: hewa, mafuta, na cheche kwa wakati wake. Hewa ikizuiwa, gari huwa zito tu na hutoa moshi mweusi. Gari likiruka, washtakiwa wakubwa huwa wawili, moto na mafuta, na si rahisi kuwatenganisha kwa sababu moto nao hushindwa mahali palepale pa mzigo mzito.

Sababu yake ilifahamika zamani. Mwaka 1889 mwanafizikia wa Ujerumani, Friedrich Paschen, alichapa matokeo ya majaribio yake kuhusu cheche katika gesi. Kwa hali kama ile iliyomo ndani ya silinda, volti zinazohitajika ili cheche iruke huongezeka kadiri kanieneo ya gesi inavyoongezeka na kadiri pengo linavyopanuka. Dereva akikanyaga mafuta kidogo, silinda huvuta hewa kidogo. Akikanyaga mpaka chini, silinda hujaa, na wakati wa kushindiliwa kanieneo yaweza kuwa karibu maradufu. Plagi ambayo pengo lake limelika kutoka milimeta 0.8 hadi 1.2 huongeza dai hilo kwa nusu nyingine. Hapo umeme wa maelfu mengi ya volti hutafuta njia rahisi zaidi: ufa katika kifuniko cha distribyuta, au waya wa plagi uliochakaa. Usiku wa giza, ukiifungua boneti injini ikizunguka, waweza kuiona cheche hiyo ya buluu ikichezacheza mahali isipotakiwa. Mgeta, penye ukungu wa asubuhi unaolowesha kila kitu, ni mahali ambapo waya mbovu haufichiki kwa muda mrefu.

Baadhi ya madereva husema kwamba wanaweza kutofautisha kwa mwili. Moto ukikatika, gari hushtuka ghafla kama mtu mwenye kwikwi. Mafuta yakikatika, huishiwa pumzi kidogo kidogo kisha huruka. Ni dokezo zuri, ila mwandishi hangenunua kipuri kwa dokezo hilo peke yake.

Chini ya mwembe wa Mlali

Baada ya robo saa injini iliwaka bila shida. Tuligeuza tukashuka hadi Mlali, kwa fundi mmoja mtu mzima aliyefanya kazi yake chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee," alisema dereva.

"Marahaba, mwanangu. Limefanyaje?"

"Linamisi, mzee. Nadhani ni kabureta."

"Sikukuuliza linaumwa nini. Nimekuuliza limefanyaje."

Akauliza mengi kabla ya kushika spana. Huanza injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Huanza wakati wowote, hata alfajiri penye baridi. (Jibu hili lilimpunguzia shaka ya petroli kuchemka ndani ya mipira kwa joto, jambo ambalo nalo hupona kwa kupumzika.) Siku za mvua na ukungu huzidi? Hapana, hata kiangazi ni vilevile. Ukilegeza mguu hutulia? Ndiyo. Tangi likiwa nusu je? Halisumbui. Wakati wa kushuka? Kamwe.

Ningetaka walimu wenzangu wasome orodha hiyo na wanafunzi wao, kwa kuwa kila swali liliondoa jambo fulani. Koili mbovu haijui kiasi cha mafuta kilichomo tangini. Wala kabureta haijui. Kitu pekee kijuacho kwamba tangi limejaa ni tangi lenyewe.

Fundi hakulifungua gari pale. "Mgonjwa wa homa hupimwa homa ikiwapo," alisema, akachukua kopo la bati la nusu lita na kipande cha mpira, akaketi mbele pamoja nasi. Tulipanda tena. Gari lilipoanza kuruka alimwamuru dereva asimame mahali penye nafuu, utingo akatia gogo, injini ikaachwa izunguke polepole. Fundi alichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akaunganisha kipande chake, akaupeleka mwisho wake mbali na injini ndani ya kopo, huku injini ikiendelea kwa petroli iliyobaki katika kibakuli. Kwa saa yangu tulihesabu dakika moja. Kopo halikufika hata robo, yaani mililita 125. Nasi tumekwisha ona kwamba mlima hudai 150.

Kisha alikwenda kwenye mdomo wa tangi akakilegeza kizibo. Hewa ikaingia kwa mlio mrefu, fyuuu, hata utingo akarudi nyuma. Kipimo kikarudiwa. Kabla ya dakika kwisha kopo lilikuwa limejaa.

Kifuniko halisi cha tangi kilikuwa kimepotea miezi kadhaa nyuma. Utingo alichonga kingine cha mti, akakizungushia mpira wa ndani wa tairi, akakikaza barabara. Ilikuwa kazi nzuri: hakikuvuja hata tone. Kwa bahati mbaya hakikupitisha hewa pia. Kifuniko cha kiwandani katika magari mengi ya zamani huwa na kitundu chembamba au vali ndogo, ili hewa iingie kuchukua nafasi ya petroli inayotoka.

Kwa nini tangi lililojaa?

Hapa ndipo kanuni aliyoitangaza Robert Boyle mwaka 1662 inapopanda pikapu ya Mgeta. Kiasi fulani cha hewa kikipewa nafasi kubwa zaidi, kanieneo yake hupungua kwa uwiano uleule. Chukua tangi la lita 50 lililofungwa kabisa, lenye lita 45 za petroli na lita 5 za hewa. Injini ikinywa lita mbili, hewa ile ya lita 5 hulazimika kuenea katika lita 7, na kanieneo yake hushuka hadi tano ya saba, yaani asilimia 71. Sasa chukua tangi hilohilo likiwa na petroli lita 15 na hewa lita 35. Lita mbili zikitoka, hewa huenea kutoka 35 hadi 37. Kanieneo hubaki asilimia 95. Pampu ndogo ya mafuta, ambayo huvuta kwa utando wa mpira, yaweza kuishinda hali ya pili, lakini ya kwanza huilemea. Basi dereva alikuwa mkweli kabisa aliposema kwamba gari husumbua akijaza tangi. Alikosea tu kuhusu kilichojazwa: kwake kilikuwa petroli mbaya, kumbe kilikuwa nafasi ya hewa.

Kwa kweli tangi halifiki upungufu huo wote, kwa kuwa petroli hutoa mvuke unaojaza sehemu ya pengo, na kizibo chochote huvuja kidogo. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoliponya gari kila lilipopumzika. Mwanafunzi mwepesi atauliza pia: je, hewa ya nje haipungui tunapopanda? Hupungua, lakini kwa meta 300 za kwanza ni kama asilimia 3 tu.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila petroli, na kwa hakika petroli isiletwe darasani kabisa. Kila mtoto aliyewahi kutoboa kopo la maziwa anajua kwamba tundu moja halitoshi. La pili ni la hewa. Chukua chupa mbili zinazofanana, moja jaza maji karibu na shingo, nyingine nusu. Pitisha mrija katika kizibo cha kila moja, ziba kwa nta pande zote, kisha wanafunzi wavute. Waandike ni mililita ngapi hutoka kabla mvutaji hajashindwa, nao wataona ni chupa ipi inayomshinda mapema.

Pikapu za siku hizi, ambazo mafuta hupulizwa kwa nozeli na kuongozwa na kompyuta, huugua vivyo hivyo. Pampu imo ndani ya tangi, cheche hutoka katika koili ndogo juu ya kila plagi, na hitilafu ikitokea kompyuta huandika namba. Namba hiyo yaweza kusema kwamba mchanganyiko una petroli haba. Haisemi kama ni chujio, pampu, au hewa inayopenya mahali. Bado yafaa kuipima kanieneo ya mafuta gari likiwa mzigoni. Na Fuso na Kenta za dizeli, ambazo hazina plagi, zikiruka mlimani mafundi hutazama chujio na mahali papenyezapo hewa kabla ya kuigusa pampu ya nozeli, ambayo bei yake humtoa mtu jasho.

Tulifika Nyandira siku ile kizibo kikiwa kimelegezwa na kufunikwa kitambaa, bila kuruka hata mara moja. Safari moja, hata hivyo, si uthibitisho. Pengine gari lingepona lenyewe. Uthibitisho uliletwa na utingo. Hakuridhika kwamba kazi ya mikono yake ilisingiziwa, na wiki iliyofuata, tangi likiwa limejaa, alikikaza tena kizibo kimyakimya. Walikwama katika kona ileile. Maneno aliyoambiwa na dereva hayafai kuandikwa hapa, lakini lilikuwa jaribio safi kuliko yote tuliyoyafanya.

Mzee wa Mlali alikitoboa kizibo hicho mbali na gari, kwa msumari uliopashwa moto, akapachika kipande cha mrija wa kalamu kilichopindwa kuelekea chini ili mvua isiingie. Kilitumika mpaka kifuniko halisi kilipopatikana mjini. Koili ya zamani, ambayo haikuwa na kosa, ilirudishwa mahali pake, na ile mpya ikawekwa chini ya kiti.